Ugonjwa wa Mlipuko Unapoingia Kwenye Marejesho



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii minyoo wala chanjo. Unazungumzia deni. Huenda wengine mkauliza, wauguzi na marejesho wapi na wapi? Ngojeni tuwaeleze jinsi jambo hili lilivyotufuata mpaka wodini.

Mwishoni mwa Aprili 2020, wakati UVIKO-19 ilipokuwa ngeni kwetu, alikuja kliniki mama mmoja mwenye shinikizo la damu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kukosa dawa. Siku hiyo presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba hatukuthubutu kumruhusu arudi nyumbani. Tulipomuuliza habari za dawa alisema ameziacha kwa wiki tano. Hakuwa mkaidi, wala hakuwa amekwenda kwa mganga. Alikuwa akiuza chai na chapati nje ya geti la shule, na shule zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 17 Machi. Wanunuzi hawakuwepo tena, lakini siku ya marejesho ilibaki palepale, kila Jumatano saa nne asubuhi. Alituambia, "Dawa inaweza kusubiri, Sista. Kikundi hakisubiri."

Tangu siku ile tuliona kwamba hatuna budi kuelewa mikopo hii inavyofanya kazi, na hasa inavyokuwa pale ugonjwa unapoenea nchi nzima. Maana familia nyingi za parokia zetu zimo ndani yake, ama kwa kikoba, ama kwa SACCOS, ama kwa taasisi yenye afisa mikopo anayekuja na pikipiki.

Mikopo midogo midogo ilianza kusikika duniani kutokana na kazi ya Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 za Marekani. Watu hao hawakuwa na shamba wala nyumba ya kuweka rehani, na benki zisingewapokea hata mlangoni. Mwaka 1983 kazi hiyo ikawa Benki ya Grameen. Siri yake, ambayo baadaye iliigwa sehemu nyingi, ilikuwa kikundi. Asiye na hati ya nyumba ana majirani wanaomfahamu. Wanakutana kila wiki, kila mmoja analipa kidogo mbele ya wenzake, na aibu pamoja na upendo vinafanya kazi ya rehani. Hapa kwetu desturi imekuwa kali zaidi: mmoja akikosa rejesho, wenzake wanamchangia papo hapo, ndipo mkutano ufungwe.

Mpango huu ni mzuri wakati shida inapompata mmoja. Mtoto wa mama fulani ameugua malaria, wanne wanamsaidia, na mwezi ujao naye anawasaidia. Ugonjwa wa mlipuko hauji hivyo. Unawapiga wote watano wiki moja. Muuza chapati hana wanafunzi, muuza mitumba hana mnada, mwenye genge hana wateja, na anayepika kwenye hoteli ya watalii ameambiwa akae nyumbani. Sasa nani amchangie nani? Dhamana ya kikundi inavunjika siku ileile inapohitajika zaidi.

Tena mkutano wenyewe unageuka kuwa hatari. Watu 20 au 30 katika chumba kimoja, wakipokezana noti na kuhesabu kwa kulamba vidole, ndicho kitu tulichokuwa tukiwakataza watu kila siku. Taasisi ikifuta mkutano, inafuta pia ile nguvu iliyokuwa ikiwafanya watu walipe. Ikiuendeleza, inawaambukiza wateja wake.

Sisi hospitalini neno mshtuko tunalijua kwa maana yake mbaya. Mama aliyejifungua akitokwa damu nyingi, mapigo yanakimbia, mikono inakuwa baridi, na figo zinaweza kushindwa ingawa zenyewe hazikuwa na ugonjwa. Anahitaji maji ya mshipani na damu upesi. Na damu hiyo ni ile iliyotolewa na kuhifadhiwa kabla yeye hajaumwa uchungu. Hatuwezi kuanza kutafuta wachangiaji saa nane za usiku. Taasisi ya mikopo nayo haifi kwa sababu wateja wake ni wabaya. Inakufa kwa kuishiwa fedha mkononi. Marejesho yamesimama, wenye akiba wanakuja kuzitoa kwa sababu nao wana njaa, mishahara ya maofisa inadaiwa, na benki iliyoikopesha nayo inataka chake mwisho wa mwezi. Kwenye vitabu inaonekana tajiri, maana inadai watu mamilioni. Kwenye sanduku hakuna kitu.

Basi zilifanya nini?

Somo la kwanza lilikuwa limekwisha kupatikana kabla ya UVIKO, nako ni kule Bangladesh. Mwaka 1998 mafuriko yalifunika karibu theluthi mbili za nchi ile kwa zaidi ya miezi miwili. Wakopaji wa Grameen walipoteza ng'ombe, mpunga na nyumba. Benki iliwapa mikopo mipya ili waanze tena, lakini madeni ya zamani na mapya yakarundikana, na wengi wakaanza kukimbia mikutano. Benki ilikuwa na kanuni moja tu ya kulipa, ile ya kila wiki bila kukosa, na kanuni isiyopinda huvunjika. Kuanzia mwaka 2001 Grameen ikabadili utaratibu wake. Mkopaji aliyekwama akapewa nafasi ya kuingia katika mkopo mwepesi, wenye rejesho dogo na muda mrefu, bila kuitwa mdaiwa sugu. Ni kama dereva anayekuta daraja limekatika akapita njia ya mchepuko, kisha akarudi barabarani. Anachelewa, lakini anafika.

UVIKO ilipofika mwaka 2020, somo hilo lilitumika katika nchi nyingi, safari hii kwa amri ya wasimamizi. Bangladesh, mamlaka ya mikopo midogo iliagiza mwezi Machi kwamba mkopo wa mtu usihesabiwe kuwa umeharibika zaidi mpaka mwisho wa Juni, na baadaye muda huo ukaongezwa. BRAC, shirika kubwa lililozaliwa hukohuko mwaka 1972, lilisimamisha kukusanya marejesho nchini mle mwishoni mwa Machi. India, Benki Kuu iliruhusu mapumziko ya miezi mitatu kuanzia tarehe 1 Machi, kisha ikaongeza mitatu mingine hadi tarehe 31 Agosti. Kwa majirani zetu Waganda, ambao walifungiwa ndani kuliko sisi, Benki Kuu yao iliziruhusu taasisi inazozisimamia kupanga upya mikopo kwa kipindi cha miezi 12 tangu tarehe 1 Aprili. Kenya nao waliruhusu kupanga upya, na kuzitaka benki zibebe zenyewe gharama za kumwongezea mkopaji muda. Kwetu Tanzania, Benki Kuu ilitangaza mwezi Mei 2020 kwamba itazilegezea masharti benki na taasisi zinazopanga upya mikopo ya walioumizwa na ugonjwa. Pia ilipunguza kiasi cha amana ambacho benki hutakiwa kukiweka kwake, kutoka asilimia 7 hadi 6, ili fedha zaidi zibaki mikononi mwa benki.

Hapo pana jambo ambalo akina mama wengi hawakulielewa, nasi pia hatukulielewa mwanzoni. Kupumzika kulipa si kusamehewa. Riba hailali. Chukua mkopo wa sh. 300,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Ukipumzika miezi mitatu, riba ya kila mwezi ni sh. 9,000, jumla sh. 27,000 ambazo hukuzipanga. Taasisi ikiiongeza riba ya kila mwezi juu ya deni na kuitoza riba nayo, inafika sh. 27,818. Hizo 818 ni kidogo, tunakubali, lakini kwenye mkopo mkubwa wa muda mrefu huwa si kidogo tena. India jambo hili lilifika mpaka mahakamani. Serikali ile ilikubali mwezi Oktoba 2020 kulipa yenyewe ile riba juu ya riba ya miezi sita kwa mikopo isiyozidi rupia milioni 20, na mwezi Machi 2021 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba mkopaji yeyote asitozwe riba juu ya riba kwa kipindi kile cha mapumziko. Kwa mgonjwa wetu wa presha zile sh. 27,000 zingetosha dawa kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mapumziko ni dawa, na kama dawa yoyote yanaulizwa kipimo chake kabla ya kumezwa.

Zaidi ya muda, taasisi zililazimika kujinusuru zenyewe. Nyingi zilipunguza mikopo mipya. Jambo hili liliwaumiza wateja wazuri, kwa sababu mama aliyejinyima akamaliza kulipa mwezi Aprili alikuwa akitegemea kukopeshwa tena Mei. Nyingine ziliwaendea wale waliozikopesha. Baadhi ya wakopeshaji wakubwa wa Ulaya na Marekani walikubaliana mwaka ule kwamba watazipa taasisi hizi muda kwa pamoja, asije mmoja akakimbilia kuchukua chake na kuiacha taasisi ikianguka mikononi mwa wenzake. Na taasisi iliyokuwa imetenga fungu kwa ajili ya mikopo chechefu katika miaka mizuri ilikuwa na kitu cha kukata. Iliyogawa faida yote kila mwaka haikuwa nacho.

Simu nayo ilisaidia. Huku kwetu Benki Kuu ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka sh. milioni 3 hadi milioni 5. Kenya waliondoa makato ya kutuma fedha zisizozidi sh. 1,000 za kwao, kuanzia Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, na vyama vingi vya akina mama vikazoea kuchangia bila kukutana. Lakini simu haimwoni mtu uso. Afisa mikopo aliyekuwa akigundua kwenye mkutano kwamba mama fulani amekonda, sasa aliona namba tu.

Vikundi vyetu wenyewe

Haya yote ya Benki Kuu yaliwahusu walio chini ya usimamizi wake. Sheria yetu ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka huduma hizi katika madaraja manne, na vikoba vyetu vimo katika daraja la nne, daraja la vikundi vya kijamii, vinavyoandikishwa kupitia halmashauri. Kikoba hakina mkopeshaji wa Ulaya wa kukihurumia, wala fungu la mikopo chechefu. Kina sanduku lenye kufuli tatu, katiba, na mfuko wa jamii. Mfuko huo ndio unaotuhusu sisi watu wa afya kuliko kitu kingine, kwa sababu ndio unaomlipia mwanachama nauli ya gari la wagonjwa na kitanda.

Hapa tutajisema wenyewe. Wafanyakazi wa hospitali yetu tulikuwa na kikoba cha watu 28, wauguzi, wapishi, wafua nguo na walinzi. Tulikutana kila baada ya Jumamosi mbili, na kila mmoja aliweka sh. 1,000 katika mfuko wa jamii mbali na hisa zake. Aprili 2020 tulishikwa na hofu. Wengine walisema sanduku litaibiwa, wengine walisema tukifa fedha zitapotea, na mmoja wetu alisema waziwazi kwamba anataka chake akanunue mchele kabla haujapanda. Tukapiga kura, tukavunja sanduku miezi mitano kabla ya wakati, na tukagawana mpaka mfuko wa jamii. Tulijiona tumekuwa na busara. Hakuna aliyedhulumiwa hata shilingi moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 likaja wimbi jingine, siku zile watu walipokuwa wakisema changamoto ya upumuaji. Wenzetu wanne waliugua kwa wakati mmoja. Mpishi wetu mmoja alimuuguza mume wake siku tisa kwenye oksijeni, na tulipotaka kumsaidia tukakuta hakuna mahali pa kuchota. Tulipitisha bakuli, likapata kidogo, kwa maana sote tulikuwa katika hali ileile. Akaenda kukopa kwa mtu binafsi, mikopo ile watu waiitayo kausha damu. Mume alifariki, na deni lilimfuata mjane kwa mwaka mzima na zaidi. Sisi tuliowafundisha watu kunawa mikono hatukujifundisha kutunza mfuko.

Tulipoanza tena katikati ya 2021 tulikuwa 17 tu. Kabla ya kununua hisa ya kwanza tulikaa kuandika katiba upya, na tunaieleza hapa kwa kuwa baadhi ya parokia zimetuuliza. Kukiwa na mlipuko, mkutano unahudhuriwa na watu sita tu, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na washika funguo watatu, nao wanakaa nje chini ya mti, kwa umbali. Wengine hutuma fedha zao kwa simu, kwenye laini ambayo haitoi fedha kwa neno la mtu mmoja. Bei ya hisa inashushwa nusu ili asiwepo wa kuacha kabisa, maana tumeona kwamba aliyeacha kuweka kwa miezi mitatu aghalabu harudi. Mikopo mipya haizidi nusu ya fedha iliyomo. Mwanachama aliyeugua, au anayeuguza mtu wa nyumbani mwake, rejesho lake linasimama miezi miwili bila faini na bila riba. Na mfuko wa jamii haugawanywi hata siku ya kuvunja kikoba. Theluthi yake hubaki kuanzia mwaka mpya. Kipengele hiki cha mwisho kilileta ubishi wa Jumamosi tatu. Mjane wa yule marehemu ndiye aliyeumaliza ubishi, wala hakusema maneno mengi.

Wenye katiba ya namna hii wasidhani wamekinga kila kitu. Mfuko wa watu 17 hauwezi kubeba ugonjwa wa miezi sita, ndiyo sababu bima ya afya inabaki kuwa ya lazima kwa anayeiweza. Sisi tulioanza kazi miaka ya 1990 tulijifunza hilo kwa UKIMWI. Nao ulikuwa mshtuko, ila wa polepole, uliokausha kikundi mwanachama mmoja baada ya mwingine. Wakati ule ndipo baadhi ya taasisi, hasa Uganda, zilipoanza kuambatanisha mkopo na bima, ili mkopaji akifariki deni lisimwangukie mjane na yatima. Siku hizi taasisi nyingi zinayo bima hiyo na mkopaji huikatwa siku anapochukua mkopo, ila wengi huweka saini bila kujua kwamba wameilipia. Tumekutana na familia zilizouza bati za nyumba kulipa deni ambalo bima ingelilipa.

Kwa hiyo, mama au baba, kabla hujaweka saini muulize afisa mikopo maswali machache. Nikilazwa, rejesho linasimama? Riba ya muda huo inahesabiwaje? Nikifa, nani analipa? Ukipangiwa mkopo upya, jina langu linapelekwa kwenye orodha ya wadaiwa wabaya? Asiyeweza kujibu, mwombe amlete anayeweza. Majibu uyaandike nyuma ya kitabu chako cha marejesho, yeye akiona. Na ukishindwa, mwendee afisa kabla ya siku ya rejesho, wala usimkimbie. Taasisi inaweza kumpangia upya mtu aliyejitokeza, lakini aliyezima simu inamhesabu kuwa amepotea. Usikope kausha damu ili ulipe rejesho. Tumewaona wodini waliofanya hivyo, wana vidonda vya tumbo na hawalali usiku, na deni walilokuwa nalo sasa yamekuwa mawili.

Yule mama wa chapati alilazwa siku nne. Mwenyekiti wa kikundi chake alikuja kumtazama, nasi tukamwonyesha karatasi ya presha bila kuficha, kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Wiki iliyofuata wakaenda wote wawili kwa afisa mikopo, na rejesho lake likakatwa nusu hadi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Alimaliza deni mwezi Machi mwaka uliofuata badala ya Novemba. Tangu hapo, tunapomwandikia mgonjwa wa presha au wa kisukari tarehe ya kurudi kliniki, tunamuuliza kwanza siku yake ya marejesho ni ipi, na tarehe hizo mbili hatuziweki katika wiki moja.